Hawajakataa kuoa, wamekosa kazi ya kuolea: uzi kuhusu vijana wa kiume wa Japani

Mwana wa Pangani

Wakuu, salaam.

Kila baada ya miezi michache inarudi humu klipu ya Mjapani na mdoli wake, na maoni yanakuwa yale yale: wanaume wa kule wamekwisha, hawataki wanawake, wamezama kwenye katuni. Nimenyamaza muda mrefu. Leo naandika kwa sababu watu wanaosemwa hivyo nimefanya nao kazi, nimekula nao, na mmoja wao bado ninaongea naye. Inaniuma kuwasikia wakisemwa namna hii na watu wasiowajua.

Niliishi Saitama, kaskazini mwa Tokyo, kuanzia 2016 hadi 2019. Nilikwenda kusoma lugha. Mwenye viza ya mwanafunzi anaruhusiwa kufanya kazi saa 28 kwa wiki, basi nikaingia kiwanda cha bento, vile vyakula vya boksi vinavyouzwa madukani usiku na mchana. Zamu ya usiku. Basi la kiwanda lilituchukua stesheni saa tatu na nusu.

Unavaa nguo nyeupe mwili mzima, kofia inayoshuka mpaka shingoni, barakoa, yanabaki macho tu. Kabla ya kuingia mnasimama wawili wawili: mmoja anampitishia mwenzake mgongoni kirola chenye gundi ili kinase unywele wowote, kisha mnageuziana. Ndani kuna baridi kwa ajili ya chakula. Mkanda unapita, na wewe una kitu kimoja tu cha kuweka. Mimi niliweka kipande cha yai. Aliyesimama kushoto kwangu aliweka umeboshi, tunda dogo jekundu lililokolea chumvi, katikati ya wali. Moja, moja, moja, mpaka alfajiri.

Huyo wa umeboshi ndiye nitakayemzungumzia. Tulimwita senpai, yaani aliyekutangulia. Mwaka 2017 alikuwa na miaka 41, ana shahada ya chuo kikuu, hajaoa, anakaa na mama yake. Pale kiwandani tulikuwa wageni wengi, Wavietnamu, Wanepali na mimi, na nilidhani kazi ile ni ya wapita njia. Mwenzangu alikuwa kwao, kwenye lugha yake, na cheti chake mkononi. Ilinichukua karibu mwaka kuelewa alifikaje pale.

Mwana wa Pangani

Naendelea.

Japani ajira ina mlango mmoja, na mlango wenyewe unafunguliwa mara moja. Kampuni huajiri wahitimu kwa mkupuo: mwanafunzi anatafuta kazi akiwa bado chuoni, amevaa suti nyeusi kama wenzake wote, na wanaopata huanza siku moja nchi nzima, tarehe 1 Aprili. Ukiingia siku hiyo unakuwa seishain, mwajiriwa wa kudumu. Mshahara unapanda kadiri unavyokaa, bonasi mara mbili kwa mwaka, pensheni, nyumba unakopeshwa. Usipoingia siku hiyo, mwaka unaofuata wewe si mhitimu mpya tena. Kuna wenzako wabichi waliotoka chuo jana, na kampuni inawataka wao.

Senpai alihitimu 1999. Bei za ardhi na hisa zilikuwa zimeporomoka mwanzoni mwa miaka ya 1990, na kampuni, badala ya kuwafukuza wazee waliokuwa ndani, zikafunga mlango kwa vijana. Waliohitimu kati ya 1993 hivi na 2005 wanaitwa kule kizazi cha enzi ya barafu ya ajira. Aliniambia alituma maombi zaidi ya sitini. Alikumbuka barua za kukataliwa zilivyokuwa na adabu. Zilimalizia kwa kumwombea mafanikio zaidi huko aendako.

Wakati huohuo sheria zikawa zinalegezwa. Sheria ya mawakala wa kukodisha wafanyakazi, wale wanaoitwa haken, ilipitishwa 1985 kwa kazi chache za ujuzi maalumu. Mwaka 1999 ikafunguliwa kwa karibu kazi zote, na 2004 viwanda navyo vikaruhusiwa. Haken ni hivi: unafanya kazi kiwanda hiki, lakini mwajiri wako ni wakala. Kiwanda kikipunguza oda, hakikufukuzi. Kinamwambia wakala kwamba hakikuhitaji tena. Na kwa kuwa wengi walilala kwenye mabweni ya kazi, kazi ikiisha na kitanda kimeisha.

Mwishoni mwa 2008, dunia ilipoyumba kifedha, ndivyo ilivyokuwa kwa maelfu, katikati ya baridi. Tarehe 31 Desemba vyama vya wafanyakazi na wanaharakati wakapiga mahema Hibiya, bustani iliyo katikati ya Tokyo, wakapika chakula na kukiita kijiji cha haken cha kuvukia mwaka. Aliyekuwa kama mwenyekiti wa kijiji ni Yuasa Makoto, mtu aliyekuwa akisaidia wasio na makazi kwa miaka mingi. Wakaja watu kama 500, karibu wote wanaume. Mahema yakajaa, na usiku wa tarehe 2 Januari Wizara ya Afya na Kazi, ambayo iko jirani na bustani hiyo, ikafungua ukumbi wake walale. Vijana wa nchi tajiri vile, wamejipanga na bakuli mkononi mbele ya wizara ya kazi. Kabla ya hapo taifa lilikuwa likisema hawa ni wavivu waliochagua maisha ya kujiachia.

Fundi wa Mbagala

Mkuu, nimekuelewa kwenye kazi. Lakini kuoa ni kitu kingine. Huku kwetu deiwaka anaoa, muuza mitumba anaoa, dereva wa bodaboda ana watoto watatu. Kukosa ajira ya kudumu hakumzuii mtu kupenda. Mimi nasikia hawa jamaa wenyewe wameamua hawataki. Si kuna jina wanaitwa, wanaume wala majani?

Mwana wa Pangani

Fundi, asante, swali lako ndilo lililonifanya nifungue uzi.

Hilo jina, soshoku danshi, alilianzisha mwandishi mwanamke, Fukasawa Maki, mwaka 2006, na hakulitoa kama tusi. Alikuwa akieleza vijana wa kiume wasiomwinda mwanamke, wanaoweza kukaa naye kama rafiki. Magazeti yakalichukua, likawa kejeli: mwanaume asiye na meno.

Sasa angalia wanachosema wenyewe. Taasisi ya taifa ya utafiti wa idadi ya watu huwauliza wasio na ndoa kila baada ya miaka michache. Mwaka 2021, wanaume wa miaka 18 hadi 34 waliosema wanakusudia kuoa siku moja walikuwa asilimia 81.4. Imeshuka ukilinganisha na zamani, ndiyo, lakini ni zaidi ya wanane kwa kila kumi. Halafu chukua wanaume wa miaka 30 hadi 34 kwa hesabu za 2017: wenye ajira ya kudumu, karibu sita kwa kumi walikuwa wameoa. Wasio na ajira ya kudumu, karibu wawili tu. Rika moja, lugha moja, katuni zile zile utotoni. Mwaka 1980 wanaume waliofika miaka 50 bila kuoa hata mara moja walikuwa asilimia 2.6. Mwaka 2020 wamefika asilimia 28.

Kuhusu deiwaka anaoa. Huku kwetu wengi wetu tunaishi kwa kazi zisizo na mkataba, kwa hiyo asiye na mkataba hajatoka kwenye safu, yuko na wenzake. Kule kipimo cha mwanaume kilijengwa juu ya ajira ya kudumu kwa miongo mizima. Wana neno daikokubashira. Ni ile nguzo nene ya katikati kwenye nyumba za mbao za zamani, inayobeba paa. Baba mwenye kulisha familia anaitwa hivyo. Sisi nasi tunasema nguzo ya nyumba, ndiyo maana neno lile lilinishika mara ya kwanza nilipolisikia. Senpai alilitamka akijionyesha kifuani, kisha akatikisa kichwa.

Na kuna jambo ambalo sikulijua mpaka nilipokaa kule: kampuni ndiyo ilikuwa mshenga. Zamani ndoa zilipangwa na wazee kupitia mshenga, nakodo, na watu wakakutanishwa kwa mpango unaoitwa omiai. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1960 ndoa za kupendana zikazizidi zile za kupangwa. Lakini vijana wengi walipendana wapi? Kazini. Kampuni iliajiri wasichana na wavulana, ikawaweka ofisi moja, na bosi akasimama kama nakodo siku ya harusi. Sasa mtu anayebadilishwa kiwanda kila miezi sita, anayefanya kazi usiku amefunikwa uso kabakiza macho, nani atamshengea?

Binti Kilindini

Kaka Mwana wa Pangani, shikamoo ya uzi huu, nimeusoma wote. Mimi ni mtu wa Mombasa, nimeolewa Osaka, mwaka wa tisa sasa. Umesema kweli, lakini umewasahau wanawake, na ukiwasahau hesabu yako haitakamilika.

Wanaume wasio na ajira ya kudumu kule ni kama mmoja kwa watano. Wanawake ni zaidi ya nusu. Mbona hao hawaitwi tatizo la taifa? Kwa sababu ilichukuliwa kwamba kuna mume nyuma yao. Sheria zenyewe zilipangwa hivyo. Tangu 1986 mke wa mwajiriwa wa kudumu anahesabiwa kwenye pensheni ya taifa bila kuchangia, mradi kipato chake cha mwaka kisifike yen milioni 1.3. Basi wake wanapunguza saa za kazi wenyewe ifikapo Novemba ili wasivuke. Nimefanya kazi supamaketi na kina mama hawa, nawajua. Yule nguzo unayemsema alisimama imara kwa sababu kulikuwa na mwanamke wa kibarua aliyefua, akapika, akalea na kumtunza mama mkwe, akalipwa kidogo.

Kwa hiyo msichana wa leo anapouliza mshahara wa mchumba, msimwite mpenda pesa. Anajua akizaa, kuna uwezekano mkubwa kazi yake itakatika au itapungua, na kurudi kwenye kazi ya kudumu ni vigumu kama alivyoeleza kaka hapo juu. Mlango ni ule ule mmoja. Anauliza: siku hiyo nikisimama, wewe utatubeba? Na kuzaa nje ya ndoa kule ni nadra sana, kama asilimia 2 ya watoto wote. Ndoa ikikosekana, mtoto hayupo.

Mwenzangu mmoja kazini aliwahi kuniambia angeolewa na mwanaume yeyote mwema, na mshahara wangeunganisha. Kilichomrudisha nyuma ni kuona wanaume wa kipato kidogo wanaogopa kumkaribia. Wanajihukumu kabla hawajahukumiwa.

Mwana wa Pangani

Dada Binti Kilindini, marahaba, na umenisahihisha mahali pa haki. Hilo la mwisho limenirudisha kwa senpai.

Alikuwa na mchumba. Alinisimulia usiku mmoja wa mapumziko, saa nane, tumekaa chumba cha kulia chenye taa nyeupe, kila mtu na chai yake ya kopo. Walikutana 2006, yeye akiwa haken kwenye kiwanda cha vipuri, binti ni karani wa kliniki. Miaka mitatu. Kule mwanaume anakwenda mwenyewe kwa baba wa binti, anapiga magoti kwenye mkeka, anaomba apewe binti. Zamani kulikuwa na yuino, mali na fedha za posa, jamaa ya karibu kabisa na mahari yetu. Siku hizi wengi wameacha, lakini kile kikao cha kwa baba kipo bado.

Hakufika kwenye kikao. Wiki mbili kabla, mama wa binti alipiga simu kwa upole kabisa, akauliza kitu kimoja: wewe ni seishain? Akajibu, bado. Akasema mama hakumkataza. Alisema tu, "Aa, ndiyo hivyo," na kumtakia afya njema. Siku mbili baadaye senpai mwenyewe akamwandikia binti kwamba haitawezekana. Binti alilia, akamwambia mimi sikukuuliza hilo swali. Yeye akang'ang'ania. Kwa maneno yake: ningemtia aibu kila siku ya maisha yake.

Nilimuuliza kwa nini asingemwachia binti aamue. Akasema hajapata jibu mpaka leo.

Mshahara wake mwaka ule wa 2017, nilimwomba anieleze, akanieleza: yen 1,150 kwa saa ikijumuisha nyongeza ya usiku, saa 8, siku 21. Fanya hesabu, ni yen 193,200 kabla ya kodi, bima na pensheni. Hakuna bonasi. Hakuna kupanda. Miaka minne alikuwa kwenye kiwango kile kile. Kijana wa kudumu pale ofisini, mdogo wake kwa miaka kumi na tano, alimpita akiwa na mwaka wa pili.

Na jambo jingine nililoliona kwa macho. Japani barua ya maombi ya kazi huambatana na rirekisho, fomu ya historia yako, na wengi wakati ule waliijaza kwa mkono. Ukikosea herufi hairuhusiwi kufuta kwa wino mweupe, unaanza karatasi mpya. Senpai aliijaza wakati wa mapumziko, mgongo umenyooka, kalamu nyeusi. Upande wa chini wa fomu ile kulikuwa na kisanduku: una mwenzi wa ndoa? Ndiyo, hapana. Anazungushia duara "hapana". Kazi inamuuliza kama ana mke, na ukweni wanamuuliza kama ana kazi. Siku ile alikosea mwaka wa kuhitimu. Akaikunja karatasi mara nne, akaitia mfukoni, akachukua nyingine.

Kaka Mtulivu

Samahani kuingilia. Serikali yao ina pesa, haioni hili? Na je, hakuna sheria ya kumpa mtu ajira ya kudumu akikaa muda mrefu?

Mwana wa Pangani

Ipo. Sheria ya mikataba ilirekebishwa, ikaanza 2013: ukifanya kazi kwa mwajiri mmoja kwa mikataba inayojirudia kupita miaka mitano, una haki ya kudai mkataba usio na kikomo. Wa kwanza wangefikia haki hiyo Aprili 2018. Lakini sheria hiyohiyo inasema ukikaa nje miezi sita, hesabu inaanza upya. Msimamizi wa kiwanda chetu alimwita senpai Februari 2018, akamwambia apumzike miezi sita kisha arudi, nafasi yake ipo. Alisema kwa tabasamu. Wote pale tulijua maana yake. Sikitaji kiwanda, na kwa niliyoyasikia kwa wengine hakikuwa peke yake. Hasira niliyoipata siku ile bado ninayo.

Mwaka 2019 serikali ilitangaza mpango wa kuwaingiza watu 300,000 wa kizazi cha barafu kwenye ajira za kudumu ndani ya miaka mitatu. Mwaka huohuo mji wa Takarazuka, mkoa wa Hyogo, ukatangaza nafasi tatu za ofisi ya mji kwa ajili yao tu. Walioomba ni 1,816. Wakachukuliwa wanne. Nikisikia mtu anasema watu hawa hawataki kazi, namwonyesha namba hiyo.

Kwa upande wa ndoa, jiji la Tokyo Septemba 2024 lilifungua programu yake ya kutafutia watu wachumba, Tokyo Enmusubi. Unalipa yen 11,000 kwa miaka miwili, unapeleka uthibitisho kwamba huna ndoa, na hati inayothibitisha kipato chako. Naelewa nia yao, kuzuia waongo. Ila fikiria mtu kama senpai anavyopiga picha hati ile ya kipato na kuituma. Mwaka mmoja kabla, 2023, ndoa zilizosajiliwa nchi nzima zilikuwa 474,741, chini ya laki tano kwa mara ya kwanza baada ya takriban miaka tisini.

Fundi wa Mbagala

Mkuu, naondoa kauli yangu ya kwanza. Mdogo wangu ana miaka 34, kibarua bandarini, ameacha kuja kwenye shughuli za familia kwa sababu mashangazi wanamuuliza anaoa lini. Nilikuwa nikimlaumu. Huyo senpai wako, watu wa kwao wanamchukuliaje?

Mwana wa Pangani

Fundi, mpigie mdogo wako leo.

Senpai hana ndugu wa kumuuliza, ana mama tu, na mama hamuulizi kwa mdomo. Kila mwaka mpya zinakuja kadi za salamu kutoka kwa rafiki zake wa shule, zina picha za watoto. Mama anazipanga juu ya kabati la viatu mlangoni, na haziondoi mpaka Februari. Wanaume wa aina yake mtandaoni kule wanaitwa wajomba wa chumba cha utotoni, kwa dharau. Kuna na neno 8050: mzazi wa miaka 80 akimlisha mtoto wa miaka 50. Yeye analisha mama yake, si kinyume, ila jirani anayemwona akitoka usiku na kurudi asubuhi haulizi nani ananunua mchele.

Alirudi kiwandani baada ya ile miezi sita. Mimi nikaondoka 2019. Tumeendelea kuandikiana, si mara nyingi.

Baada ya Fundi kuuliza nimemtumia ujumbe jana, nikamwambia kuna watu Afrika Mashariki wanamuulizia. Amenijibu kwa picha ya rirekisho aliyoijaza wiki hii, anaomba kazi ya kuhudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea. Mwandiko ni ule ule. Fomu mpya, ile serikali iliyotoa kama mfano 2021, haina kisanduku cha mwenzi. Amezungushia kwa penseli nyekundu mahali kilipokuwa, akaandika pembeni: hawaulizi tena.

Binti Kilindini

Kaka, kazi ameipata?

Mwana wa Pangani

Ameipata, dada. Amenitumia usiku huu. Mkataba wa mwaka mmoja, na wamemwambia akifaulu mtihani wa uhudumu wanaweza kumfanya wa kudumu. Anaanza tarehe 1 Aprili. Ana miaka 49.

Nimemuuliza kama amemwambia mama yake kwamba ni mkataba wa mwaka mmoja. Alama ya kusoma imetokea tangu saa mbili. Bado hajajibu.